Kula nje Taiwan: mwongozo wa anayeanza, kuanzia vihoteli vya mtaani mpaka meza ya duara ya harusi

Kila muhula mpya ukianza maswali ni yaleyale. Mtu kafika Taipei au Taichung au Kaohsiung, ana njaa, kaingia sehemu ya kula, kakaa, hamna aliyemletea menyu wala aliyekuja kumsikiliza, kasubiri weee mwisho katoka kaenda kununua onigiri (donge la wali) ya duka la 7-Eleven. Au kaalikwa harusi na mwenzake wa maabara na hajui aweke shilingi ngapi kwenye bahasha, aende saa ngapi, akatae vipi pombe. Nimeona niandike yote sehemu moja ili tuwe tunaelekezana hapa.

Kabla ya yote shika jambo hili moja maana ndo linawachanganya wengi: sehemu ndogo za mtaani karibu kila kitu unafanya mwenyewe, kuandika oda, kuchukua vijiti, kuchota sosi, kwenda kulipa. Kwenye karamu ni kinyume chake kabisa, hufanyi kitu mpaka uonyeshwe, hukai mpaka ukalishwe. Wageni wengi wanageuza, mtaani wanasubiri kuhudumiwa na harusini wanajikalia popote. Ukishika hilo nusu ya kazi imeisha.

VITU VYA KUWA NAVYO

Keshi kwanza. Vihoteli vingi vya mtaani havipokei kadi ya benki, kwahiyo tembea na noti za 100 na sarafu, na usimpe mama wa tambi noti ya 1,000 asubuhi na mapema kwa chakula cha 45. Kwa hesabu ya haraka dola moja ya Marekani ni kama dola 30 za Taiwan. EasyCard, ile kadi ya treni, inakubalika kwenye maduka yenye matawi mengi na baadhi ya migahawa, ila usiitegemee kila mahali.

Simu yenye intaneti na programu ya kutafsiri picha. Tishu mfukoni. Na ujue saa za kula, hili watu wanalidharau halafu wanalala njaa: sehemu za chai ya asubuhi zinafungua kama saa kumi na mbili na saa tano zinafunga, chakula cha mchana ni saa tano mpaka saa nane, halafu wengi wanafunga kupumzika, wanafungua tena saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili au tatu usiku. Ukienda saa tisa alasiri utakuta viti vimepandishwa juu ya meza. Jumatatu nayo wengi hawafungui.

Halafu hizi herufi zihifadhi kwenye simu, hata kama husomi Kichina hata kidogo:

豬 nguruwe
牛 ng'ombe
雞 kuku
魚 samaki
蝦 kamba
飯 wali
麵 tambi
湯 supu
辣 pilipili
素 chakula kisicho na nyama
清真 halali
內用 kula hapohapo
外帶 kubeba

Na maneno ya mdomoni: "neiyong" nakula hapa, "waidai" nabeba, "bu la" bila pilipili, "laoban" ndo unavyomwita mwenye sehemu kama ni mwanaume na "laobanniang" kama ni mama, "bu hao yisi" ni samahani ya kumwita mtu au kupita, "jiezhang" ni nataka kulipa. Matamshi yako hata yakiwa mabovu hamna shida, watu wa Taiwan ni wavumilivu sana na hili, watakusaidia.

SEHEMU YA KWANZA: VIHOTELI VYA MTAANI

Hapa naongelea sehemu za tambi za ng'ombe, wali wa nyama ya kuchemshwa kwa sosi ya soya (lu rou fan, ambayo ni nguruwe, tutafika huko), sehemu za maandazi ya nyama, supu na kadhalika. Hatua ni hizi.

1. Simama mlangoni kidogo. Usizame moja kwa moja. Mtu atakuuliza "ji wei?", yani mko wangapi, onyesha vidole tu. Kama panajaa unaweza kukalishwa meza moja na watu usiowajua, hilo ni la kawaida, hamsalimiani sana wala hamna anayekuonea vibaya, mnakula kila mtu na chake.

2. Sema neiyong au waidai. Ukikosea hapa utaletewa chakula kwenye mfuko na meza unayo, na hawana kosa wao.

3. Tafuta karatasi ya oda. Iko mezani chini ya kioo, au kwenye kikopo cha vijiti, au kaunta pamoja na penseli. Ni orodha ya vyakula, bei, na nafasi wazi pembeni. Kwenye nafasi unaandika IDADI, 1 au 2, sio tiki, ingawa tiki nayo kwa kawaida wanaelewa ni moja. Angalia vizuri kama chakula kina safu mbili za bei, ile ndogo ni 小 na kubwa ni 大. Juu ya karatasi kuna sehemu ya namba ya meza, namba yenyewe imebandikwa mezani au ukutani, IANDIKE. Kosa la kwanza la wageni ni hili, oda inafika jikoni haina meza, chakula kinazunguka kinarudi. Siku hizi sehemu nyingi wameweka QR mezani, unaskani, unaagiza kwenye simu, piga picha skrini utafsiri halafu urudi kuchagua.

4. Peleka karatasi kaunta wewe mwenyewe. Usiinue mkono ukasubiri. Kaunta ndo utajua kama unalipa kabla au baada, akikutajia hela lipa, akikuashiria ukae basi utalipa ukitoka. Hamna kanuni moja, kila sehemu na utaratibu wake, fuata wanachofanya waliokutangulia kwenye foleni.

5. Chukua vijiti, kijiko, kibakuli cha sosi. Kwenye kona kuna meza au kabati lenye hivi vyote na sosi ya soya, siki, pilipili, saumu iliyopondwa. Ni bure. Sehemu nyingine kuna na chai baridi au supu nyepesi ya bure, ukiona wenyeji wanachota nawe chota.

6. Angalia friji ya vioo. Kuna visahani vidogo vya tango, tofu iliyokaushwa, karanga, mwani, mayai ya kwenye sosi. Unachukua mwenyewe unaweka mezani. HIVI SIO BURE. Vinahesabiwa mwisho, bei yake kwa kawaida inaanzia kama 30 au 40 kila kisahani.

7. Kula kinapofika. Chakula kinakuja kikiiva, sio kwa pamoja, kwahiyo cha rafiki yako kinaweza kutangulia dakika kumi na hamna dharau hapo. Anayetangulia anaanza, tambi zikikaa zinavimba. Kuvuta tambi kwa sauti ni sawa. Kuinua bakuli la wali ukalisogeza mdomoni ni sawa pia. Kisicho sawa ni kuchomeka vijiti vimesimama katikati ya wali, hivyo ndo vinavyowekwa kwa marehemu, utaona meza nzima imenyamaza. Viweke vilale juu ya bakuli.

8. Lipa, chukua risiti. Bakshishi hamna. Usiache hela mezani, watakukimbilia barabarani kukurudishia, wanajua umesahau. Migahawa mikubwa inaongeza asilimia 10 ya huduma kwenye bili yenyewe, imeandikwa chini ya menyu, hapo napo huongezi kitu.

Risiti usitupe! Ile ya serikali yenye namba nane ni tiketi ya bahati nasibu, inachezeshwa tarehe 25 ya Januari, Machi, Mei na kuendelea mwezi mmoja unaruka, zawadi kubwa kabisa ni milioni 10 za Taiwan na namba tatu za mwisho zikigongana unapata 200. Na wageni wanaruhusiwa kuchukua. Vibanda vidogo sana havitoi, usiwadai.

Kuhusu vyombo, sehemu nyingi unaacha mezani, ila kwenye kumbi za chakula za maduka makubwa unarudisha trei mwenyewe na mabaki yanatengwa na karatasi na plastiki. Fuata mtu wa mbele yako.

Aina nyingine za sehemu kwa haraka haraka. Zile za asubuhi: maziwa ya soya ya moto au baridi, matamu au ya chumvi, youtiao ambao ni unga uliokaangwa mrefu, na danbing, chapati laini iliyoviringishwa na yai. Unaagiza, unalipa, unabeba, hamna kukaa sana. Zile za sahani ya kuchagua, zizhucan, unachukua boksi au trei unajipakulia kwenye masinia marefu kisha mama wa kaunta anaangalia kwa macho tu anakutajia bei, hapo usishangae, wana uzoefu na nyama ndo inapandisha bei. Kwa mwanafunzi hizi ni mkombozi kweli, unapata mboga tatu na wali na samaki kwa hela ndogo. Na habari njema kwa sisi, matembele yapo kila kona ya nchi, yanakaangwa na saumu au yanachemshwa, ukiona 地瓜葉 ndo hayo. Onyo tu kwamba wengi wanayamwagia juu sosi ya nguruwe au mafuta yake, kwahiyo kama hutaki sema mapema.

Masoko ya usiku kama Ningxia na Raohe ya Taipei, Fengjia ya Taichung, Liuhe ya Kaohsiung, pale unakula umesimama kibanda kwa kibanda, nunua kidogo kidogo mgawane na wenzako ndo utaonja vingi. Chai yako ya maziwa na tapioka usiingie nayo kwenye treni za chini ya ardhi ukiinywa, Taipei faini yake inaanzia 1,500 mpaka 7,500, na wanatoza kweli, hata maji wanakukataza.

Rechao ndo nataka niikalie kidogo kwasababu hapa ndo wenzako wa kazini watakupeleka kwanza. Ni sehemu za kukaanga kwa moto mkali, meza fupi, viti vifupi, kelele, bia, watu wanacheka kwa sauti, wazi mpaka usiku sana. Vyakula ni vya kuchangia, hamna sahani ya mtu mmoja. Kipimo changu ni idadi ya watu ongeza moja, mkiwa wanne agizeni vitano na supu, mkipungukiwa ongezeni. Mahali pa kuanzia: kuku wa vikombe vitatu (sanbeiji, mafuta ya ufuta, soya na mvinyo wa mchele pamoja na majani ya rehani), chaza wadogo wa kukaangwa na rehani, mboga ya kijani na saumu, wali wa kukaanga. Vinywaji unatoa kwenye friji mwenyewe na kufungua, chupa tupu zinaachwa chini ya meza au pembeni ili zihesabiwe mwisho, usizitupe. Wali mweupe sehemu nyingi unajichotea.

Onyo kubwa la rechao na sehemu za samaki: ukiona 時價 badala ya bei, maana yake ni bei ya siku hiyo. ULIZA KABLA. Na samaki wa kwenye barafu au kwenye tangi anapimwa kwa jin, ambayo Taiwan ni gramu 600 sio kilo wala nusu kilo, kwahiyo bei iliyoandikwa sio ya samaki mzima. Mwambie apime, aandike jumla kwenye karatasi, ndo ukubali. Wafanyabiashara wengi ni waaminifu ila mgeni asiyeuliza anapata mshtuko wa bure.

SEHEMU YA PILI: KARAMU YA MEZA YA DUARA

Karamu zipo za aina kama tatu. Harusi ya hotelini au ukumbini. Ban-doh, ile ya turubai barabarani au uwanja wa hekalu, ambapo mpishi mkuu anayeitwa zongpushi anakuja na jiko lake zima na timu yake anapikia mamia ya watu hapohapo nje, wilaya ya Neimen kule Kaohsiung inasifika kwa wapishi hawa. Na weiya, karamu ya mwisho wa mwaka ya kampuni. Zote mnakaa watu kumi kwa meza, vyakula vinakuja kimoja kimoja kama kumi au kumi na mbili. Kwa maoni yangu ukipata mwaliko wa ban-doh usiache hata iweje, hamna mgahawa utakaokupa chakula cha namna ile na ukarimu wa namna ile, na mwaka hadi mwaka watu wanahamia kumbini.

1. Jibu mwaliko mapema na useme unachokula. Meza zinahesabiwa kwa kichwa. Kama hauli nguruwe au hauli nyama sema siku hiyohiyo unayojibu, wana utaratibu wa sahani ya 素 kwa mtu mmoja mmoja au hata meza nzima, hamna anayeona usumbufu ukisema wiki mbili kabla. Ukisema pale mezani utakula wali na karanga.

2. Andaa bahasha nyekundu kama ni harusi. Huku kwetu mchango unatolewa kabla, kuna kamati na kadi na kukumbushwa kwenye grupu, kule hamna kikao wala ahadi, unabeba hela siku yenyewe mlangoni. Kiasi kiwe shufwa ukihesabu kwa mamia (22, 26, 36) na kisiwe na 4 popote, 2,400 HAPANA. Vinavyozoeleka ni 2,200, 2,600, 3,600, na kuna familia zinakwepa 8 pia kwahiyo 2 na 6 ndo salama. Urafiki ukiwa wa karibu kiasi kinapanda, hoteli ya kifahari kinapanda, ukienda na mwenza kinapanda. Njia nzuri kuliko zote ni kumuuliza mwenzako mtakayekaa naye meza moja yeye anaweka ngapi, kule kuulizana ni kawaida kabisa. Noti ziwe mpya. Andika jina lako kwenye bahasha kwa herufi zinazosomeka. Bahasha nyeupe USIGUSE, ni ya msiba.

3. Vaa vizuri, rangi changamfu. Epuka nyeupe tupu na nyeusi tupu. Kitenge au kanzu safi ya rangi vinapendeza sana na watakusifia.

4. Fika kwa wakati ila ule kidogo nyumbani. Kadi ikisema saa kumi na mbili jioni mara nyingi inaanza nusu saa baadaye. Sio dharau, wanasubiri ndugu.

5. Mlangoni kuna meza ya mapokezi, mara nyingi mbili, upande wa bwana 男方 na upande wa bibi 女方. Nenda upande uliokualika. Unatoa bahasha kwa mikono miwili, wanaifungua, wanahesabu mbele yako, wanaandika kwenye daftari. Usijisikie vibaya, wanafanya hivyo kwa kila mtu ili siku ukioa au kuolewa wajue cha kukurudishia.

6. Subiri kuonyeshwa meza. Meza iliyo karibu na jukwaa ni ya wazazi na maharusi. Nyingine zimepangwa kwa makundi, marafiki wa chuo, wa kazini, upande wa mama. Hata kwenye chakula cha jioni cha watu kumi tu mgahawani usijikalie, kiti cha ndani kinachotazama mlango ni cha mkubwa au mgeni wa heshima, na cha karibu na mlango ni cha anayehudumia wenzake na kulipa. Simama pembeni mpaka mwenyeji aseme kaa hapa.

7. Sahani ya kwanza ni ya baridi, mfano kamba-mti na mayonezi, samaki mbichi, nyama zilizokatwakatwa zimepangwa kama ua. Usianze mpaka mkubwa wa meza aguse. Kioo cha katikati kinachozunguka kisukume taratibu, kwa kawaida mwelekeo wa saa, na kabla ya kusukuma angalia kama kuna mtu mkono wake bado uko kwenye sahani. Chota kwa vijiti au kijiko cha wote, sio vyako. Chukua kidogo, kumi mnagawana, na sahani bado zinakuja, hili nalisisitiza maana mtu anashiba kwenye ya tatu halafu wali wa kunata na kaa, samaki mzima wa mvuke, mguu wa nguruwe, supu ya kuku mzima vyote vinampita anaviangalia.

8. Kugonganisha glasi. Maharusi na wazazi wanazunguka meza kwa meza, wakifika mnasimama wote, unainua glasi kwa mikono miwili, yako iwe chini kidogo ya ya mkubwa, unapongeza. "Ganbei" ni kumaliza yote, "suiyi" ni kiasi chako. Kama hunywi pombe jaza chai au juisi, ni sawa kabisa na watu wengi wanafanya, cha muhimu ni kusimama na kuinua, kukaa tu ndo kosa. Usijinyweshe peke yako kimyakimya kwenye meza ya wakubwa, ukitaka kunywa inua kwa mtu kwanza.

9. Kubeba mabaki. Kwenye ban-doh hasa mifuko inagawiwa na mama wa meza yako anaanza kugawa, kuku huyu mchukue wewe, supu hii wewe. Kubali! Kukataa mara zote inaonekana unajitenga. Ila usianze wewe kufunga.

10. Kuondoka. Matunda yakifika, au supu tamu, ni ishara ya mwisho, na watu wanaondoka kwa pamoja ghafla, usishangae ukumbi kuwa mtupu ndani ya dakika kumi. Mlangoni maharusi wanasimama na kisinia cha peremende, unachukua moja, unapiga nao picha, unapongeza, unaenda. Hakuna kukaa mpaka usiku wa manane kucheza muziki.

Weiya ni hivyohivyo bila bahasha, bosi ndo anatoa zawadi na kuna bahati nasibu. Kuna mila ya zamani kwamba kichwa cha kuku kikielekezwa kwako ndo umefukuzwa kazi, kwahiyo wanakielekeza kwa bosi au juu, ukiona mhudumu anazungusha sahani kwa uangalifu sababu ni hiyo.

NGURUWE, MVINYO NA HALALI

Hili linaulizwa kuliko yote na nitasema wazi. Nguruwe Taiwan sio nyama tu, ni mafuta ya kukaangia mboga, ni supu ya tambi, ni sosi inayomwagwa juu ya wali. Kusema "sili nguruwe" (wo bu chi zhurou) kunaondoa vipande vya nyama, hakuondoi mafuta wala supu. Ongeza "bu yao zhuyou", bila mafuta ya nguruwe. Mvinyo wa mchele nao unaingia kwenye sanbeiji, kuku wa mafuta ya ufuta, bata wa tangawizi. Damu pia ipo, ya bata kwenye vyungu vya pilipili na ya nguruwe kwenye keki za wali za masokoni. Vile vimaandazi vya supu ndani, xiaolongbao, kwa kawaida ni nguruwe, hata pale Din Tai Fung, ambao walianza 1958 wakiuza mafuta ya kupikia na 1972 wakageukia chakula.

Kwahiyo fanya hivi. Kwanza tafuta 清真, kuna migahawa ya tambi za ng'ombe ya Waislamu Taipei ya miaka mingi, na cheti kinabandikwa ukutani. Pili nenda karibu na misikiti, Msikiti Mkuu wa Taipei barabara ya Xinsheng South uliofunguliwa 1960, na ule wa Longgang huko Taoyuan ambako kuna watu wenye asili ya Yunnan na Myanmar na chakula chao ni kitamu mno. Tatu, 素. Sehemu za wasiokula nyama ziko kila mtaa, nyingi ni za Wabudha na wenye sahani za kuchagua wanapima kwa uzito, hamna nguruwe wala mafuta yake, pombe bado uliza. Ukiona alama ya 卍 mlangoni ni ya Kibudha, haihusiani na ile ya Wanazi.

Tambi za ng'ombe za kawaida, usidhani ni salama kwasababu ya jina. Uliza. Na usishangae ukikutana na mzee Mtaiwani asiyekula ng'ombe kabisa, familia nyingi za wakulima ziliacha kwa kumheshimu mnyama aliyewalimia shamba.

MAMBO YAKIGOMA

Nimekaa hamna anayekuja. Hujapeleka karatasi. Rudi hatua ya 4 ya sehemu ya kwanza.

Nimeletewa kisichokuwa changu. Usianze kula. Onyesha karatasi au namba ya meza, sema bu hao yisi, watabadilisha. Ukishagusa ni chako.

Wamenikatalia kukaa na viti naviona. Meza zimeshawekewa oda na wengine, au kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu (低消) na hujafikisha, au wanakaribia kufunga. Muda wa kukaa nao una kikomo sehemu nyingi, dakika 90 ndo ya kawaida, imeandikwa.

Mwenyeji amekataa nichangie bili. Aliyealika ndo analipa. Jaribu mara moja au mbili kwa nia njema, halafu acha, asante, na mara ijayo wewe ndo ualike na uende kaunta kulipa mapema kabla hawajainuka.

Wananiwekea chakula kwenye bakuli langu bila kuniuliza. Ni upendo. Kula unachoweza. Usichoweza kiache bakulini, bakuli likiwa tupu wanaongeza, likiwa na kitu wanaacha.

Siwezi vijiti. Omba uma, "chazi", karibu kila mahali upo. Kwenye ban-doh unaweza usiwepo kwahiyo beba wako, hamna atakayekushangaa.

Mwezi wa Mwaka Mpya wa Kichina nimekuta kila kitu kimefungwa. Siku za mwanzo wa sikukuu vihoteli vya mtaani vingi vinafungwa, wengine wiki nzima. Nunua vyakula mapema uweke ndani, maduka ya saa 24 kama 7-Eleven na FamilyMart yanabaki wazi na yana wali, mayai ya chai na supu ya moto, ila soma 豬 kwanza kwenye kifungashio.